Ugonjwa Waliosema Umenihamia

Mkolani, Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Pokea shikamoo moja kwa siku zote ambazo sikukuamkia. Goti lako linaendeleaje na baridi hiyo ya Makete? Je, viazi vya bondeni vilitoka salama, au baridi iliunguza majani tena? Natumaini barua hii itakukuta unatembea. Mimi nipo hai. Nimetanguliza hilo kwa kuwa najua uliambiwa mambo mengine, na aliyekuambia anajua kusema vizuri.

Ujumbe wako niliupata. "Rudi kwa Mama Debora ukapige magoti, umenitia aibu." Sikuujibu kwa sababu jibu lake haliwezi kuenea kwenye simu. Sasa nimeketi chumbani kwa Nyangeta, naandikia pajani. Nyangeta ni yule dada wa Kijita niliyekuwa nafanya naye kazi uani. Yeye ndiye aliyenipokea. Nitakueleza yote, nawe usome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati.

Nianze na nyumba ile ya Kiseke uliyokuwa unasimuliwa sifa zake. Ina geti jeusi na ukuta mrefu. Mbele wanaishi watu, nyuma ni uwanja wa mabondo. Bondo ni kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara, samaki mkubwa wa ziwa hili. Mama Debora huyanunua mwaloni Igombe, wavuvi wanakoshushia samaki, sisi tunayamenya, tunayaosha na kuyaanika juu ya nyavu mpaka yakauke, kisha wafanyabiashara wanakuja kuyachukua. Ni mali kuliko samaki mwenyewe. Mimi niliyeitwa kupika na kufua nilipika, nikafua, halafu nikamenya mabondo mpaka kucha zikalegea. Hayo sikukuambia kwa sababu kazi ni kazi.

Mwanzoni alikuwa mkali kama mabosi wengine. Baadaye akabadilika. Alikula kama mtu anayelima, lakini nguo zilikuwa zinampwaya kila mwezi zaidi. Feni ilimpepea mchana kutwa na bado jasho lilimtiririka. Mikono ilimtetemeka mpaka chai ikamwagikia sahanini. Macho yakamtoka, Mama, yakawa ya mtu aliyeshtuliwa na mshtuko ukabaki usoni. Mtaani wakanong'ona kwamba ana ukimwi. Yeye akasema anarogwa kwa ajili ya biashara. Usingizi ukamkimbia, na hasira zake zote zikapata pa kutua.

Siku moja uji ulikuwa na mabonge. Sikumsikia akija nyuma yangu. Aliinua sufuria na kunimwagia begani, wa moto vile vile. Ngozi ya pale sasa imekunjamana. Nyangeta aliuliza, "Mama, amekosa nini?" Naye akatolewa nje ya geti, akashinda juani bila kula, na mabondo yake yakamngoja.

Shingo yangu nayo aliipa utani. "Wewe wa milimani ulimeza yai likakwama." Akiwa na wageni aliniita nije na trei ili wanione. Unakikumbuka kivimbe changu. Wewe ulisema wanawake wa kwetu wote wana shingo nene, bibi alikuwa nacho, wewe unacho, hakiumi, tukiache. Nikakiacha.

Aliyemtoa Mama Debora nyumbani ni binti yake, Debora mwenyewe, anayefanya kazi Geita. Alivuka daraja la Busisi kuja kumsalimia, akamkuta mama yake amekuwa mifupa na macho. Alilia pale mlangoni. Kesho yake akampeleka hospitali kwa nguvu, na mimi nikaenda kubeba begi.

Daktari alikuwa mama mmoja mnene wa sauti ya taratibu. Alimshika Mama Debora shingoni, akamwambia anyooshe mikono, akaitazama inavyotetemeka.

"Hapa mbele ya koo kuna tezi," akasema. "Inatoa homoni inayouamuru mwili uende haraka au polepole. Yako nadhani inamwaga kupita kiasi. Tutapima damu, lakini sioni uchawi hapa."

Mama Debora hakujali uchawi tena. "Nimeona kwenye simu kwamba ugonjwa wa tezi unaleta kansa. Niambie ukweli. Nitakufa kwa kansa?"

"Sitakutisha wala sitakudanganya," daktari akajibu. "Homoni hizi zikikaa vibaya kwa muda mrefu, zikizidi au zikipungua, si jambo la kupuuza. Wanaochunguza mambo haya wameona baadhi ya saratani, kama ya titi na ya tezi yenyewe, zinaweza kuonekana zaidi kidogo kwa baadhi ya watu wenye matatizo haya. Hawajakubaliana kwa kila aina. Lakini wengi wenye ugonjwa kama wako hawapati saratani kamwe. Kwa hiyo tunatibu homoni, na tunakagua kama kuna kivimbe."

Halafu akamgeukia Debora. "Nanyi mnaoishi naye mvumilie. Homoni zikizidi, mtu hukosa usingizi, moyo hukimbia, na hasira huwa karibu sana."

Mama, hapo nilifurahi kuliko mgonjwa mwenyewe. Nilisimama na lile begi nikajisemea, kumbe si yeye. Kumbe ni tezi. Anywe dawa, apone, nami nitakuwa na bosi mwema. Nilimwombea kwa Mungu kuliko nilivyowahi kukuombea wewe, unisamehe.

Tulipokuwa tunatoka, daktari akasema, "Na wewe binti, hebu meza mate."

Nikameza. Akainuka, akaja kunishika shingo. Vidole vyake vilikaa pale muda mrefu, vikashuka pembeni, vikarudi.

"Kina muda gani hiki?"

"Tangu shuleni."

"Kimekua?"

Mama Debora akamkatiza. "Huyo ni wa kazi tu, daktari. Mgonjwa ni mimi."

"Yako nimeshamaliza, mama," daktari akamjibu bila kugeuka. "Sasa niko kwenye hii."

Tukapimwa wote wawili, damu na picha ya shingo. Majibu yetu yakaja pamoja. Homoni za Mama Debora zilikuwa juu sana, lakini picha yake haikuwa na kivimbe chochote. Homoni zangu zilikuwa sawasawa kabisa. Mama Debora akacheka, "Mwenzangu mzima! Twende, mabondo yananuka." Daktari akamwambia akae. Akanieleza mimi, polepole, kwamba homoni kuwa sawa hakumaanishi kivimbe ni salama. Saratani inaweza kukaa ndani ya tezi na damu isionyeshe kitu. Alikuwa amehisi ugumu, na tezi nyingine ndogo iliyovimba pembeni. Nikachomwa sindano shingoni wakavuta chembe kidogo za kupima.

Majibu ya sindano nilipewa wakati Mama Debora amekuja kuangaliwa maendeleo yake. Tayari alikuwa ameanza kunona. Mikono ilikuwa imetulia, alilala, alizungumza kwa upole hadi wateja wakashangaa. Tuliingia chumbani pamoja. Daktari alitaka atoke, mimi nikasema abaki, kwa sababu sikutaka kuwa peke yangu, na nilidhani amebadilika.

"Ni saratani, Lidia," daktari akasema. "Ya aina inayokwenda polepole. Ikitolewa vizuri watu wengi wanaishi. Lakini imeshatoka kidogo nje ya tezi, kwa hiyo tusichelewe."

Mama Debora akanishika mkono. Hakuwahi kunishika mkono kwa wema tangu nifike. Akasema, "Pole, mwanangu." Nililia sana kwa neno hilo. Ndani ya gari alikuwa anaimba pambio kwa sauti ya chini mpaka nyumbani.

Jumapili aliniambia nivae gauni langu zuri twende kanisani kwake. Wakati wa shuhuda akapanda mbele. Alisimulia jinsi alivyokonda na jinsi watu walivyomsema. Kisha akasema, "Nilikuwa naogopa kansa, wapendwa. Nikamwambia Bwana, iondoe katika shingo yangu. Na Bwana akaiondoa katika shingo yangu, akaiweka pale."

Akaninyooshea kidole. Kanisa zima likageuka. Ule mkono, Mama, haukutetemeka hata kidogo. Watu wakapiga makofi na vigelegele, na mama mmoja aliyekaa jirani yangu akakiinua kiti chake akakisogeza mbali nami.

Tulipofika nyumbani nilimwambia, "Mama, hiki kivimbe nilikuja nacho kutoka kwetu."

Hakupandisha sauti. Alikuwa anavua viatu. "Ulikuja na yai, Lidia. Kansa ilikuwa yangu, Mungu akakupa wewe. Ungekuwa na shukrani kwa chakula unachokula humu, ungeibeba kimya."

Kuanzia siku hiyo kikombe changu kilifungwa uzi mwekundu na kuning'inizwa kwenye bomba la nje. Sahani yangu ilikuwa ile ya kumwekea paka. Sikuruhusiwa kugusa unga wala mboga, ila mabondo niliendelea kumenya, kwa sababu, alisema, wanaokula hayo wako mbali. Yote hayo aliyasema taratibu, ananitazama machoni, bila jasho wala kelele. Nilikuwa nimeomba apone, na alikuwa amepona.

Nilipomwambia siku ya upasuaji imefika akauliza, "Na mabondo atamenya nani?" Nikaondoka bila ruhusa. Hilo ndilo kosa ambalo unaniambia nikalipigie magoti. Jioni ile nguo zangu zilirushwa nje ya geti ndani ya kiroba cha mabondo, Nyangeta akakibeba hadi hospitali, na Mama Debora huyo, ambaye ulikuwa unamwita dada, akakupigia simu kukuambia nimetoroka na mvuvi wa Igombe.

Nakuuliza kwa heshima, Mama. Uliposikia hivyo, ulisita hata kidogo?

Ustawi wa jamii wa hospitali walinisaidia nisitozwe. Daktari wa upasuaji alinionya kabla. Alisema mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita nyuma ya tezi, na upande wangu mmoja saratani ilikuwa imeukumbatia. Alisema ikibidi kuchagua, atachagua uhai. Nilipozinduka nilikuona wewe pembeni ya kitanda, ingawa hukuwepo. Nikakuita. Ikatoka pumzi tupu. Nyangeta alidhani naomba maji.

Sasa nazungumza kwa mnong'ono kama mtu anayesengenya. Sokoni nikiuliza bei, muuzaji ananiambia niseme kama nina kinywa. Ndiyo maana ulipopiga nilikata. Ningepokea ungesikia mkwaruzo, na ungesema kweli huyu ameharibika. Wanasema sauti inaweza kurudi kiasi, inaweza isirudi.

Tezi yote imetolewa, kwa hiyo homoni nazinywa kwa kidonge kila asubuhi, na nitazinywa mpaka nife. Mwanzoni, kabla hawajapata kipimo changu, nilipoa mwili mzima, uso ukavimba, nikalala kama gogo. Baadaye wakaniongezea kupita kipimo cha kawaida. Daktari alinifafanulia kwamba kichwani kuna homoni nyingine inayoiamuru tezi ikue, na kama kuna chembe za saratani zilizobaki, nazo zinaweza kuitii amri hiyo. Kidonge kikizidi kidogo, amri inanyamaza. Bado kuna matibabu ya mionzi ninayotakiwa kuyafuata nikipata nguvu.

Basi sasa nimeyaonja aliyoyaonja Mama Debora. Joto lile ninalo. Moyo unakimbia nikiwa nimekaa. Mikono inatetemeka, mwandiko wa barua hii unauona mwenyewe. Juzi Nyangeta aliunguza wali, nikahisi hasira imenipanda mpaka kwenye masikio. Nikatoka nje, nikakaa juu ya jiwe mpaka ikapita. Nikarudi tukala ukoko. Sijammwagia mtu uji, Mama. Tezi ilimpa yule mwanamke moto tu. Mahali pa kuumwaga alipachagua mwenyewe.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Nyangeta bado anakwenda kumenya pale Kiseke kwa kuwa hajapata kazi nyingine. Wiki iliyopita alirudi, akasimama mlangoni bila kuvua kilemba. "Ridia," akasema, maana jina langu halijawahi kumkaa vizuri mdomoni, "kuna binti mpya pare. Sura yako kabisa."

Sikuamini. Nilikwenda mchana, Mama Debora akiwa Igombe. Kupitia upenyo wa geti nilimwona mdogo wangu Rabeka amepiga magoti juani, anageuza mabondo kwenye nyavu, na kitenge chako cha bluu kiunoni. Nilimwita. Hakusikia, kwa sababu hakuna cha kusikia. Nikaokota jiwe nikagonga geti.

Alikuja akafungua kidirisha. Uso ukamng'aa. Kisha nikauona unafungwa, taratibu, kama mtu aliyekumbuka amri.

"Dada, Mama amesema nisikusemeshe mpaka uombe msamaha."

"Rabeka, nilikuwa mgonjwa. Tazama." Nikaushusha mtandio.

Akashika mdomo. Lakini akasema, "Mama Debora alisema utakuja na hilo kovu. Alisema yule mvuvi wako alikukata kisu."

"Ni hospitali. Ni saratani, walinitoa saratani."

"Unanong'ona nini? Sisikii. Dada, mimi hapa naishi vizuri. Yeye ni mpole kabisa, hapigi hata kelele."

Halafu akameza mate kwa hofu, akitazama barabarani kama gari linakuja. Upande wa kulia wa koo lake, Mama, kitu kikapanda na kushuka. Nilipitisha mkono kwenye kidirisha nimguse. Akarudi nyuma, akafunga. Nikasikia ndala zake zinarudi kwenye mabondo.

Sikwambii kwamba ana saratani. Sijui, wala wewe hujui. Daktari ameniambia mara nyingi kwamba vivimbe vingi vya shingo si saratani, na kwamba milimani kwetu watu wengi walipata goita kwa sababu tulikula chumvi ya mawe isiyo na madini joto. Chako huenda ni hicho tu. Lakini mimi pia niliambiwa ni hicho tu, na homoni zangu zilikuwa sawa, na nilikuwa na nguvu za kubeba kiroba. Shingo ya Rabeka ishikwe na daktari. Ikipimwa ikakutwa salama, nitamshukuru Mungu na ninyi mnicheke.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa wa kule. Alinisikiliza akiwa ameinamia mdomo wangu, akasema binti ni mtu mzima, ana ridhaa ya mzazi wake, hajalalamika. Mzazi wake ni wewe, uliyemtuma pale. Nimerudi geti lile mara nyingine, hafungui. Si kwamba ananichukia. Ni kwamba anakutii, kama nilivyokuwa nakutii mimi.

Usimpigie Mama Debora. Atakujibu vizuri na utamwamini. Mpigie Rabeka mwenyewe, wakati wa mchana, umwambie anisemeshe. Usimweleze saratani, usimtishe. Mwambie tu atoke, amfuate Nyangeta hadi Mkolani, mimi na yeye tutakwenda kwa yule daktari, na baadaye ukitaka arudi kwenu, nitampandisha basi. Mimi nisamehe au usinisamehe, hilo linaweza kungoja.

Na wewe pia, Mama, ukitoka shambani, nenda ukashikwe shingo.

Mpe salamu baba mdogo Enoki, mpasua mbao, mwambie sijatoroka na mtu. Shangazi Marita anayeuza pombe ya ulanzi umwambie ile leso anayoficha nayo shingo aivue mbele ya daktari, si mbele ya waganga. Mama mkubwa Eliza, aliyenifundisha kusoma, umsomee barua hii yote bila kuruka mahali. Rabeka yuko mji huu huu niliopo mimi, akiwa upande wa pili tu, lakini salamu zangu kwake nimeona nizipitishe Makete. Mfikishie wewe, kwa sababu kutoka kwako atazipokea.

Ni mimi mwanao wa kwanza,

Lidia